PRESHA YA DAMU: TUJIPIME SAWASAWA



Mwaka uliopita wenzetu wa zamu ya usiku walipimwa presha langoni mwa kiwanda cha chai. Walipimwa wamesimama foleni. Wengine walikuwa wametoka kubeba magunia, wengine wamezima sigara dakika ile ile. Mwenzetu mmoja wa tanuru alikutwa na 168 kwa 98, akaambiwa hafai tena kwa kazi yake. Tawi letu lilikataa. Hatukukataa kipimo, tulikataa namna ya kupima.

Kwa michango ya wanachama tulinunua mashine ndogo ya betri, ile ya kufunga mkono wa juu. Ndugu yule alijipima nyumbani kwake siku saba, akaandika kila kitu katika daftari. Wastani ulikuwa 131 kwa 82. Daktari alilisoma daftari, akampima mwenyewe, akaandika kuwa anafaa kazi. Leo yuko kwenye tanuru lake.

Namba hizi maana yake nini? Ile ya juu ni nguvu ya damu katika mishipa wakati moyo unasukuma. Ile ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kabla ya pigo lingine. Hospitalini, presha huhesabiwa kuwa imepanda ikifika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa sababu mbele ya mganga watu wengi huingiwa na hofu na presha hupanda kidogo. Namba moja tu ikivuka mpaka, ya juu au ya chini, yatosha kukupeleka kwa daktari.

Basi tupime hivi:

1. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe chai wala kahawa, usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza.

2. Kaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu usiipishanishe.

3. Weka mkono juu ya meza, usawa wa moyo. Funga mkanda juu ya ngozi, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo.

4. Usizungumze. Pima mara mbili, ukingoja dakika moja katikati.

5. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kumeza dawa, na jioni, kwa siku saba. Andika zote, hata zisizokupendeza. Acha za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki.

Mashine ile ile ilituonyesha na upande wa pili. Mama mmoja mchumaji, mwenye nguvu, asiyeumwa hata kichwa, alijipima kwa ajili ya kujaribu tu. Wastani wake ulikuwa 156 kwa 98. Presha haipigi hodi. Huharibu moyo, figo na ubongo kimya kimya. Sasa anameza vidonge na amepunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Namba zake zimeshuka, lakini hakuacha dawa, maana ni dawa iliyozishusha.

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, kaa kidogo upime tena. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua kinauma, pumzi inakatika, macho yanafifia, ulimi mzito au upande mmoja wa mwili umelegea, usingoje kipimo cha pili: hospitali mara moja.

Ndugu, kila tawi lidai mambo mawili: mashine iliyo nzima, na kiti cha kupumzikia dakika tano kabla ya kupimwa. Kibarua cha mtu kisipotee kwa kipimo cha haraka, wala uhai wake usipotee kwa kutopimwa.