Je, Wajua? Bunduki Kubwa za Uwindaji Zilizopita Nairobi

Je, wajua kwamba bunduki maarufu kuliko zote zilizowahi kupita Nairobi ilikuwa shukrani kwa kazi ya kuhifadhi wanyama? Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani majuma machache tu, alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na bunduki ya Holland & Holland ya mitutu miwili. Alizawadiwa bunduki hiyo na wanazuoni wa wanyama na wawindaji wa Uingereza kwa kuwa alitenga misitu na mbuga kwao Marekani. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Ni vigumu kwangu kuipatanisha hesabu hiyo na zawadi ile.

Bunduki ya aina hiyo hufunguka vipande vitatu bila bisibisi. Unachomoa mbao iliyo chini ya mitutu, unaikunja bunduki, mitutu inatoka, na kitako kinabaki na mitambo yake. Sanduku la ngozi halihitaji kuzidi sana urefu wa mitutu, sentimita 65 hivi, kwa hiyo lilienea vizuri ndani ya behewa. Porini aliyeibeba hakuwa mwindaji. Zile kubwa, za kipimo cha .600, zilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi, na kila risasi gramu 58. Roosevelt aliwataja wabebaji wake kwa majina, Bakari akiwa mmoja wao. Wageni wengi hawakujali hata hilo.

Kitako ndicho chenye siri kubwa zaidi. Mafundi wa London walichagua mti wa jozi kwa sababu ni mwepesi, hauchaniki ovyo, na ukishakaushwa kwa miaka haupindi sana. Nyuzi zake lazima zinyooke kabisa pale shingoni mwa kitako, maana kishindo cha bunduki kubwa huipasua mbao yenye nyuzi za mshazari. Mpingo wetu, kwa uzuri wake wote, usingefaa: ni mzito hata unazama majini. Basi ukaenda kuwa klarineti. Siku hizi kuna vitako vya fibaglasi na kaboni, ambavyo havivimbi kwa unyevu wa pwani wala kusinyaa kwa ukavu wa bara.

Joto nalo lilikuwa tatizo. Baruti ya kodaiti ilizidi nguvu kwenye jua kali, ganda likanasa mtutuni, mnyama yuko mbele yako! Ndiyo maana maganda yakatengenezwa makubwa, ili shinikizo lipungue.

Huko Karen, Nairobi, katika nyumba iliyo makumbusho tangu 1986, Denys Finch Hatton alikuwa akipumzika baina ya safari za kuwaongoza matajiri kuwinda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliliandikia gazeti la The Times kupinga wanyama wa Serengeti kupigwa risasi kutoka kwenye magari. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Tanzania ungali unaruhusiwa kwa leseni.