Kupanga Matembezi Katika Msitu wa Kilimanjaro

Wengi wetu tusikiapo jina la Kilimanjaro hufikiri theluji ya Kibo na urefu wake wa mita 5,895. Ni wachache wakumbukao kuwa kabla ya kufika penye theluji mpandaji hana budi kupita msituni, na ya kuwa msitu huo, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000, ndio utuletao maji. Katika makala haya nitaeleza jinsi matembezi yapangwavyo katika msitu wa namna hii. Kanuni yenyewe ni moja: tuulize kwanza msitu waweza kustahimili nini, ndipo tuulize watu wanataka nini.

Tuangalie kazi ya msitu. Mvua nyingi ya mlima huu, hasa upande wa kusini, hunyesha katika ukanda wa miti. Majani yaliyooza chini ya miti huyanywa maji kama sifongo, kisha huyaachia polepole. Maji hayo huingia mitoni na katika mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na wazee wa Kichagga, yakanywesha migomba na kahawa. Mengine huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme. Basi auharibuye msitu huko juu amemharibia jirani yake aliye mbali.

Serikali ililiona jambo hili zamani. Mwaka 1921 msitu ulifanywa hifadhi. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa ukingoni, wenyeji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Hifadhi ya Taifa iliyoundwa mwaka 1973 ilishika sehemu iliyo juu ya mita 2,700, pamoja na vichochoro vichache vya kupitia msituni; na mwaka 2005 msitu wenyewe nao ukaunganishwa nayo.

Sasa tuje kwenye njia. Mtu huweza kudhani ya kuwa heri watu watawanyike kila mahali, ili pasiwe na mahali panapokanyagwa sana. Sivyo hata kidogo. Udongo wa msituni ni laini na wenye maji. Wakipita watu mia, huwa tope. Wa mia na moja hulikwepa tope kwa kupita kando, na njia hupanuka. Akitokea wa kukata kona kwa haraka, mvua hufuata nyayo zake, na baada ya masika kadhaa pamekuwa korongo. Kwa hiyo wapangaji huchagua njia chache, wakazijenga vema: ngazi za magogo penye mteremko, vidaraja penye vijito, na mifereji ya kutoa maji njiani kabla hayajapata mbio. Ni kama kutoa kafara sehemu ndogo ili sehemu kubwa ipone. Ndiyo maana wapandaji wa Kilimanjaro wana njia zilizotajwa majina, kama Marangu, Machame, Umbwe, Lemosho na Rongai, na njia ya Mweka hutumiwa kuteremkia tu, watu wasigongane.

Vituo navyo havikuwekwa ovyo. Katika njia ya Marangu, Mandara ipo mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Vimeachana hivyo ili mwili uzoee hewa hafifu kidogo kidogo. Horombo ni kikubwa kuliko vyote, maana hapo hukutana wanaopanda, wanaopumzika siku moja zaidi, na wanaoteremka. Mpangaji asiyehesabu makundi hayo matatu atajenga vitanda vichache, na watu watalala vichakani.

Kuna hesabu nyingine isahaulikayo, nayo ni ya wagumu, yaani wapagazi. Mgeni mmoja huweza kufuatana na wagumu watatu au wanne, bila kumtaja kiongozi na mpishi. Basi wageni kumi si watu kumi. Huenda wakawa hamsini au zaidi, na wote hula, hulala na huenda chooni. Vyoo, maji na mahali pa kupikia vyapasa kutosha watu hamsini. Tena mzigo wa mgumu umewekewa kiwango cha kilo 20, nao hupimwa kwa mizani langoni. Sheria hiyo ni sehemu ya mpango kama ilivyo njia yenyewe.

Adui mkubwa kupita wote ni moto. Miezi ya kiangazi ndiyo mizuri kwa kutembea, na ndiyo hiyo ambayo vichaka vilivyo juu ya msitu hukauka vikawa kama karatasi. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji kati ya Mandara na Horombo. Uliwaka siku nyingi na kuteketeza kiasi cha kilomita za mraba 95. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, vijana waliotuzidi umri kwa miaka michache tu. Kukataza kuni ni vema, lakini hakutoshi. Kila mahali pa kupumzikia pawe na mahali salama pa kupashia chakula, na mtu wa kupalinda.

Mwisho, wako wenyeji. Hifadhi ya taifa hairuhusu kukata kuni. Mama akatazwaye kuingia na panga, huku akiona makundi ya wageni yakiingia kila siku, atasema msitu huu si wake tena. Msitu usio na mwenyewe nani atakimbilia kuuzima ukiwaka? Kwa hiyo naona kila mpango wa matembezi uwe na fungu la wakaao chini ya mlima, na hasa watoto wa shule. Si lazima kulala huko. Mwenye kutoka lango la Marangu asubuhi huweza kufika Mandara, akaitazama kasoko ya Maundi, akawaona mbega mitini, na kurudi kabla ya jua kuchwa.

Wenzangu, siku moja wengine wetu watakuwa mabwana na mabibi misitu, wengine viongozi wa wageni, wengine wagumu, na wengine wakulima tu wa migomba. Sote tutayanywa maji hayo hayo. Mchuma janga hula na wa kwao. Na mtunza msitu vilevile hunywa na wa kwao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne