Uganda: Mfanyakazi, Soma Hati Yako ya Mshahara

Ndugu wafanyakazi, mwisho wa mwezi wengi wetu hutazama mstari mmoja tu wa hati ya mshahara: fedha tunazotia mfukoni. Mistari ya juu tunamwachia karani. Hilo ni kosa, maana haki nyingi hupotelea huko.

Malipo ya kazi ni ya namna nyingi. Yuko anayelipwa kwa mwezi, yuko kibarua wa kutwa, na yuko mchuma chai anayelipwa kwa kilo. Juu ya hayo huja malipo ya saa za ziada na marupurupu ya nyumba na usafiri. Kwa sheria ya Uganda yote hayo ni mapato ya ajira, na hutozwa kodi. Yanayosamehewa ni machache, kama gharama za matibabu anazolipiwa mfanyakazi.

Kodi hiyo, iitwayo PAYE, hupanda kwa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, shilingi 235,000 za kwanza za mwezi hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 335,000 hukatwa asilimia 10. Hadi 410,000 asilimia 20. Zinazozidi hapo asilimia 30. Wenye zaidi ya milioni 10 huongezewa asilimia 10 juu ya ziada hiyo.

Tumchukue mwenzetu anayepata 500,000. Ngazi ya kwanza yenye kodi humkata 10,000, ya pili 15,000, ya tatu 27,000; jumla 52,000. Mchango wake wa NSSF, asilimia 5, ni 25,000. Anabaki na 423,000. Mwajiri naye lazima aongeze asilimia 10, yaani 50,000, kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Akiikata katika mshahara wa mfanyakazi, amevunja sheria.

Wako wanaokataa saa za ziada wakidhani kodi itameza mshahara mzima. Si kweli. Mwenzetu huyo akiongeza 100,000, kodi itachukua 30,000 katika hizo tu. Zile za kwanza haziguswi tena. Tena Sheria ya Ajira ya 2006 inaamuru saa za ziada zilipwe mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku za sikukuu.

Vibarua nao wana haki. Kanuni za 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Kima cha chini cha shilingi 6,000 kiliwekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Kwa hiyo ngao yetu ni mapatano ya chama na mwajiri.

Mwezi huu, ndugu, chukua kalamu, piga hesabu. Isipolingana, usinung'unike peke yako. Mpelekee hati katibu wa tawi lako.