Nguvu za Mungu wa Haki: Kutoka Mchezo wa Mezani Hadi Maapizo na Viapo

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu kama hili: "Maapizo ni laana. Hutumiwa kuwaadhibu watu wabaya." Mtahiniwa wa namna hii hajakosea, lakini hajasema mengi. Akiulizwa aeleze sifa za maapizo, hurudia neno "adhabu" mara nne, akidhani ametoa hoja nne. Nawe mtahiniwa unayesoma makala haya, huenda umejitambua.

Makala haya yana hoja moja. Katika fasihi simulizi yetu, nguvu ya kuadhibu huitwa haki pale tu inapofungwa kwa masharti. Masharti hayo ndiyo unayopaswa kuyatambua, kuyaeleza na kuyatolea mifano. Njia niliyoitumia kuyafundisha ni mchezo, na ningependa tuanze hapo.

Mchezo wenyewe

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuzunguka meza. Kila mmoja huwa mhusika mmoja na kusema atakalotenda. Mwongozaji husimulia hali ilivyo, na dadu huamua kama tendo limefaulu. Ukiutazama vizuri, huu ni utambaji wa hadithi ambao hadhira imepewa nafasi ya kuamua mkondo wa ploti. Katika michezo ya aina hii miungu pia ni wahusika, na kila mungu hupewa nguvu zake kwa kanuni zilizoandikwa.

Nilipofika kwenye mada ya visasili na maapizo katika kidato cha tatu, huku Likoni, niliwapa wanafunzi kazi hii: kila kundi libuni mungu wa haki wa kijiji cha kubuni, limpe nguvu tatu, kisha tucheze kisa cha mbuzi aliyeibwa. Niliwakumbusha kwamba tunabuni mhusika wa fasihi, wala hatuzungumzii imani ya mtu. Tahadhari hiyo ni muhimu katika darasa lenye Waislamu na Wakristo.

Kundi la kwanza lilibuni mungu anayeona yote, asiyekosea, na anayemuua mwizi papo hapo. Tulianza kucheza. Mbuzi akaibwa, mwizi akaanguka akafa. Mchezo ukaisha kabla hata dadu haijarushwa. Darasa likacheka, kisha mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, na kama aliiba kwa sababu ya njaa?" Swali hilo halikuwa na pa kujibiwa, kwa sababu mtu alikuwa amekwisha kufa. Hapakuwa na mgogoro, taharuki wala hukumu. Tulilazimika kurudi nyuma na kujiuliza jamii zetu za pwani ziliwekaje masharti.

Sharti la kwanza: nguvu huja kwa kuitwa

Maapizo hayatolewi na yeyote, popote, wakati wowote. Aghalabu hutolewa na watu maalumu, kama vile wazee au viongozi wa kidini, mahali maalumu, mbele ya watu. Hulengwa kwa aliyekengeuka, na lugha yake huwa kali ili kuzua hofu. Sifa hizi tunazikariri darasani, lakini ni nadra tuulize zina kazi gani. Kazi yake ni kuifungia nguvu mlango. Mwenye hasira hawezi kuamka usiku akaifungua peke yake. Sharti apite kwa wazee, aeleze dai lake, naye aulizwe maswali.

Katika mchezo wetu kanuni ikawa hivi: mungu haoni kosa mpaka mlalamishi asimame mbele ya baraza na kusema alichopoteza. Mara moja tukapata wahusika wapya: mlalamishi, wazee, mashahidi. Mazungumzo nayo yakazaliwa.

Sharti la pili: mkosaji hupewa nafasi

Msomaji wa Kisauni au Changamwe hahitaji kuelezwa Halbadiri ni nini. Kwa faida ya wengine, ni kisomo ambacho hutajwa ndani yake majina ya masahaba waliopigana vita vya Badr mwaka 624, kwa nia ya kumshtakia Mungu dhalimu asiyejulikana. Wapo mashekhe wanaoikataa desturi hii, nasi hatuko hapa kuamua hoja hiyo. Tunachotazama ni umbo la masimulizi yake.

Katika masimulizi hayo aliyeibiwa hasomi kwa siri. Hutangaza kwanza: fulani ameibiwa, mali isiporudi kufikia siku kadha wa kadha, kisomo kitasomwa. Visa vingi huishia hapo hapo. Mali hukutwa mlangoni alfajiri, na kisomo hakisomwi. Hebu zingatia jambo hili. Nguvu imefanya kazi yake bila kumdhuru mtu. Kati ya tangazo na siku iliyotajwa kuna muda, na ndani ya muda huo mna toba, hofu na taharuki. Mtunzi wa hadithi angeomba nini zaidi?

Kanuni ya pili ya mchezo wetu ikawa kwamba mungu haadhibu kabla ya siku tatu za mchezo kupita, na anayerudisha mali ndani ya siku hizo husamehewa.

Sharti la tatu: anayeiita nguvu hujifunga nayo

Hili ndilo sharti zito kuliko yote. Miongoni mwa Wamijikenda, kiraho ni kiapo cha kupima ukweli. Katika kiraho cha papai, wanaoshutumiana hula vipande vya papai lililotiwa dawa na mganga, na husadikiwa kwamba mwenye hatia ndiye atakayedhurika. Anayeshutumu hali akiwa salama pembeni. Naye hutia kinywani. Vivyo hivyo katika masimulizi ya Halbadiri, anayesomesha kwa uongo huambiwa kwamba kisomo kitamrudia mwenyewe.

Fikra hii si ya pwani peke yake. Katika visasili vya Skandinavia, Tyr alitia mkono wake kinywani mwa mbwa mwitu Fenrir uwe dhamana kwamba miungu haikuwa na hila. Miungu ilikuwa na hila. Mbwa mwitu alipotambua kwamba amefungwa, aliukata mkono. Tyr huyo huyo huonekana katika michezo ya mezani akiwa mungu wa haki, mwenye mkono mmoja.

Hata kiapo cha kisiasa kilifuata sharti hili. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kile cha fisi. Walioapa walijifunga wao wenyewe kutoshirikiana na utawala wa Waingereza. Aliyevunja kiapo ndiye aliyepaswa kuogopa.

Masharti yakiondolewa

Kundi la mwisho darasani lilileta mungu ambaye sikumtarajia. Nguvu yake ya kwanza ilikuwa kuwakinga "wenyeji" wasidhurike kwa silaha yoyote. Ya pili ilikuwa kuwapiga "wageni". Jina lake, hata hivyo, lilikuwa mungu wa haki.

Wanafunzi hao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1997. Wazazi wao walikuwapo. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 100 na kuwahamisha maelfu, wengi wao watu wa bara. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, iliyachunguza mapigano hayo. Ilijulikana kwamba vijana walikuwa wamelishwa viapo, wakaahidiwa kwamba risasi hazingewapata.

Sikuwakemea wanafunzi. Niliwaambia tupime kwa masharti yetu matatu. Je, kuna mlalamishi aliyesimama mbele ya baraza? Hapana, kuna kundi tu. Je, anayepigwa amepewa nafasi ya kurudisha alichochukua? Hakuna kilichotajwa kuwa amechukua. Je, anayeiita nguvu amejifunga nayo? Kinyume chake, amekingwa. Kisha nikawaomba wabadilishane wahusika, waliokuwa wenyeji wawe wageni, tucheze tena. Walicheza kwa dakika chache, wakaomba karatasi yao waiandike upya.

Fasihi andishi imeligusa jambo hili. Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, Ebrahim Hussein anarejelea vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maji yanawaunganisha watu waliokuwa wametengana, na hapo yana manufaa. Watu wanapoyashika kuwa kinga ya risasi, ahadi inamzidi nguvu aliyeitoa, na Kinjeketile hawezi tena kuirudisha. Hapa mtahiniwa anaweza kujadili kinaya: watu wana dai la haki dhidi ya Wajerumani, lakini nguvu wanayoitegemea inaahidi usalama, na ahadi hiyo ndiyo inayowaangamiza.

Jinsi ya kujibu swali

Tuchukue swali la mazoezi: Fafanua umuhimu wa maapizo na viapo katika jamii. (alama 10)

Hoja zinaweza kuwa hizi:
1. Huonya kabla ya kuadhibu, hivyo kumpa mkosaji nafasi ya kujirekebisha. Mfano: tangazo la Halbadiri.
2. Hutatua migogoro ambayo haina mashahidi. Mfano: kiraho cha papai.
3. Huzuia shutuma za uongo, kwa kuwa anayeshutumu kwa uongo naye husadikiwa kudhurika.
4. Hutambulisha nafasi ya wazee na mahali patakatifu, kwa mfano kaya.
5. Huunganisha jamii kwa ahadi inayomfunga kila mmoja. Mfano: kiapo cha 1913.

Kila hoja itajwe, ielezwe na itolewe mfano. Ukiulizwa udhaifu wa maapizo na viapo, usisite kusema kwamba hutia hofu, na kwamba yaweza kutumiwa vibaya na wenye nia mbaya. Sisi wa Likoni tuna mfano wake.

Mwalimu utakayejaribu mchezo huu utahitaji dadu moja, vipindi viwili vya dakika arubaini na kanuni tatu ubaoni. Tenga dakika kumi za mwisho kwa mjadala, na usome kwanza kila karatasi ya kundi kabla haijachezwa. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza.

Nawe mtahiniwa, jaribu zoezi hili kabla ya mtihani: buni mungu wa haki wa kijiji chako, mwandikie nguvu tatu, na mbele ya kila nguvu uandike sharti linaloizuia. Ukikosa sharti, futa nguvu hiyo.