Hiace Iligoma Kuwaka Kila Jumatatu, Kumbe Mchawi Yuko Nyuma ya Redio!

Kama kwenu kuna gari ya biashara, au unamjua mtu aliyefunga redio mpya halafu gari ikaanza visa, hebu tulia hapa dakika chache. Kisa hiki kimetokea kwenye Hiace ya mjomba wangu hapa Morogoro, na nusura kijana wa watu afukuzwe kazi kwa kosa ambalo si lake. (Au tuseme si lake lote, mtaona.)

Hiace yenyewe ni ya dizeli, mtumba wa Japani. Ilikuja na redio yake ya kiwandani, nzima kabisa, ila ina ule ugonjwa unaojulikana: inaishia 90. Redio za magari ya kule zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 mpaka 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo unaambulia vistesheni viwili vitatu tu, na abiria wa siku hizi ukimwekea kimya anapanda gari ya nyuma yako. Mjomba akatoa hela. Ikafungwa redio mpya, amplifaya chini ya siti, na spika za maana. Fundi alimaliza ndani ya saa mbili, gari ikawa inadunda, kila mtu kafurahi.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, dereva anazungusha funguo... tik. Basi. Hata taa za dashibodi zinawaka kwa kufifia kama mshumaa. Ikabidi isukumwe. Wiki nzima ikapiga kazi bila tatizo, Jumatatu nyingine tena, tik! Mjomba akasema betri imechoka, akanunua mpya, N70, hela ya hesabu ya siku kadhaa ikaondoka. Jumatatu ya tatu, na betri mpya hiyo hiyo, tik.

Hapo ndipo lawama zikamwangukia konda. Jumapili gari hailali barabarani, inapaki uani kwa mjomba, na konda ndiye anayekuja kuiosha. Akiosha anafungulia muziki. Mjomba akapiga hesabu zake: Jumapili muziki, Jumatatu betri imekufa, mwizi wa chaji ni nani? Akamwambia betri atailipa yeye, kidogo kidogo kwenye posho yake, na mwisho wa mwezi atafute gari nyingine. Konda anaapa, "Bosi, haki ya Mungu nikimaliza kuosha nazima redio." Nani amsikilize?

Mimi nilikuwa pale. Si fundi umeme wa magari, nimemaliza kidato cha nne tu, lakini fizikia ya umeme niliipenda, na mita ya kupimia umeme ninayo, ile ya bei rahisi ya rangi ya njano. Kitu kilichonisumbua ni hesabu. Betri ya N70 tuichukulie kuwa ina kama ampea-saa 70, maana yake inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 70, au ampea 7 kwa saa 10. Tuseme muziki wa konda unakula ampea 5 kwa saa mbili. Hiyo ni ampea-saa 10. Betri mpya iliyojaa ikipungua 10 haifi, stata bado inazunguka vizuri. Kuna kitu kingine kilikuwa kinakula, tena kwa muda mrefu.

Nikamwomba mjomba Jumapili ile aniachie gari. Akasema, "Haya, usije ukaniunguzia tu."

Kwanza nikapima betri yenyewe. Betri nzima iliyojaa, gari ikiwa imezimwa na kutulia, inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 ujue chaji imebaki kidogo sana. Halafu nikamwomba dereva awashe injini, nikapima tena: 14.1. Kwa kawaida inatakiwa icheze kati ya 13.8 na 14.4 hivi, kwa hiyo altaneta inachaji vizuri. Ukipata 12.5 injini ikiwa inanguruma, achana na redio, shida yako iko kwenye altaneta au mkanda wake.

Sasa kipimo chenyewe. Zima kila kitu, chomoa funguo, funga milango yote ili taa ya ndani isiwake. Kwenye mita, waya mwekundu unauhamishia kwenye tundu lililoandikwa 10A, na kitufe unakizungusha kwenye ampea za umeme wa betri. Legeza kichwa cha hasi cha betri ukitoe. Halafu mguu mmoja wa mita unagusa nguzo ya hasi ya betri, mwingine unagusa ule waya ulioutoa. Yaani umeme wote unaotoka kwenye betri unalazimika kupita ndani ya mita yako. ANGALIZO: ukiwa umeunga hivyo usijaribu kuwasha gari wala taa kubwa! Stata inavuta ampea mia na zaidi, mita yako utaiaga.

Gari iliyolala inatakiwa ivute kidogo sana, ampea 0.02 mpaka 0.05, ya saa na kumbukumbu ya redio. Yetu ikasoma 1.8.

Nikarudi kwenye hesabu. Gari inapaki Jumamosi saa tatu usiku, inaamshwa Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Hapo ni saa 32. Zidisha kwa 1.8 unapata ampea-saa 57 na kitu, kati ya 70! Siku za kawaida inalala saa 8 tu, inapoteza 14, halafu mchana kutwa altaneta inarudisha. Ndiyo maana ilikuwa inakufa Jumatatu tu. Konda alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake, nikamwonyesha zile namba, akasema, "Sasa mwambie bosi." Nikamwambia subiri, bado hatujamjua mwizi.

Kumjua mwizi ni kazi ya kuchomoa fyuzi moja moja huku mtu anaangalia mita. Unachomoa, namba haijashuka, unairudisha palepale, unakwenda nyingine. (Usizichomoe zote kwa mkupuo, utasahau ipi inakaa wapi.) Tulipofika ile iliyoandikwa DOME, mita ikaanguka mpaka karibu na sifuri. Dereva akadakia, "Taa ya ndani hiyo, mlango haufungi vizuri!" Nikatoa balbu ya taa ya ndani kabisa, nikarudisha fyuzi... 1.8 vilevile. Kumbe kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo hailishi taa ya ndani peke yake, inalisha pia umeme wa kudumu wa redio, ule unaotunza stesheni ulizohifadhi. Mwizi akawa na jina.

Kabla sijavuta redio nje, nikaingiza mkono chini ya siti nikaishika amplifaya. Ya moto! Si ya kuunguza, lakini ina joto la chapati iliyoachwa mezani, na gari imezimwa. Kitu kilichozimwa hakina sababu ya kuwa na joto.

Tukatoa redio. Nyuma yake ndiko unakoujua ufundi wa mtu. Redio nyingi za dukani zinafuata rangi moja: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha funguo, nyeusi ni hasi inayokwenda kwenye bodi, na ile ya bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Upande wa gari, kwenye Toyota nyingi, bluu yenye mstari wa njano ndiyo umeme wa kudumu, kijivu ndiyo ya funguo, kahawia ndiyo hasi, na kijani ni ya taa za dashibodi. Ila rangi zisikutie kiburi, gari ya mtumba imeshapita mikono mingi. Pima kwa mita kila waya, funguo ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, ndiyo uamini.

Fundi wetu alikuwa amechukua njano na nyekundu za redio akazisokota pamoja kwenye umeme wa kudumu. Kwa nini? Konda akainamisha kichwa... yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba redio iimbe bila funguo, ili apate muziki wakati wa kuosha! Hilo peke yake lisingeua betri kwa wiki tatu, maana redio alikuwa anaizima kweli kwa kitufe. Shida ni kwamba kwenye fundo hilohilo fundi akasokota na waya mwembamba wa kuamsha amplifaya. Amplifaya ina waya wake mnene wa kula, unatoka moja kwa moja kwenye betri, lakini haiamki mpaka ule mwembamba uiletee umeme. Sasa ukiuunga kwenye umeme wa kudumu, amplifaya hailali maisha. Muziki hakuna, kelele hakuna, yenyewe iko macho inakula 1.8 usiku na mchana.

Na huko huko tukakuta kisa cha pili. Tangu redio ifungwe, fyuzi ya taa ndogo, iliyoandikwa TAIL, ilikuwa inakatika usiku gari ikipita kwenye matuta, taa za nyuma zinazimika. Mtu mmoja pale stendi akamshauri dereva aweke 30 badala ya 10, "haikatiki tena hiyo". Haikukatika kweli. Ule waya wa kijani wa taa za dashibodi uliachwa umekatwa kichwa kikiwa wazi, ukitikisika unagusa bati la kushikia redio. Ganda lake lilikuwa limeanza kuyeyuka na kushikana na la jirani yake. Jamani, fyuzi inalinda waya, haipo kwa ajili ya kuwapa mafundi biashara! Ukiweka kubwa au karatasi la sigara, kitakachokatika sasa ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, na abiria wakiwa wamejaa.

Kama unatafuta shoti ya aina hiyo na hutaki kumaliza boksi la fyuzi mpya, chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge na nyaya mbili mahali pa ile fyuzi. Washa taa ndogo. Kama hakuna shoti balbu inawaka kwa kufifia, kama kuna shoti inawaka kwa nguvu zote, lakini umeme haupiti ampea 2 hivyo hakuna kinachoungua. Halafu unatikisa nyaya moja moja mpaka ione haya.

Matengenezo yalikuwa mepesi kuliko kutafuta. Nilitoa kichwa cha hasi cha betri kwanza. Nyekundu ikaenda kwenye kijivu, njano ikabaki kwenye bluu yenye mstari wa njano, ya kuamsha amplifaya ikaungwa kwenye ile bluu yenye mstari mweupe ya redio ili ziamke na kulala pamoja. Kijani tukaukata ulipoyeyuka, tukaufunga tepu ya umeme, fyuzi ya 10 ikarudi kwake. Nilipopima tena mita ikasoma 0.03.

Mjomba alikuja jioni, nikamwonyesha. Akaangalia mita, akaangalia waya ulioyeyuka, akauliza, "Kwa hiyo yeye alikuwa anazima?" Nikamjibu, "Alikuwa anazima, mjomba, ila ndiye aliyeomba iimbe bila funguo." Akaguna. Betri hamkati tena, na habari ya mwisho wa mwezi hajaizungumzia. Jumatatu saa kumi na moja dereva akazungusha funguo, gari ikashika mara moja. Konda sasa akiosha gari anatumia redio ya simu yake.