Mchwa Wamekula Paa, Fundi Akana: Tufanye Nini?

Hapa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, ardhi yetu ina unyevu, na unyevu ni rafiki wa mchwa. Mtu hulima mpunga misimu kadhaa, akauza, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Haipiti miaka mingi, mlango washuka, na ukigonga fremu yalia kama debe tupu. Mwenye nyumba humwendea fundi aliyeahidi kutia dawa, au muuza mbao, naye hujibiwa: "Mchwa ni wadudu wa porini, mimi sihusiki." Wengi hurudi nyumbani wakanyamaza. Kunyamaza hakufai, na kugombana bila ushahidi hakufai vilevile.

Kwanza, mtambue mharibifu. Mchwa wa ardhini hukimbia nuru na ukavu, kwa hiyo hujenga vijia vya udongo ukutani mpaka kwenye mti. Lakini ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga mlaini kama wa muhogo, huyo si mchwa, bali ni bungua, na mara nyingi huja akiwa ndani ya mbao tangu ilipouzwa. Tazama na rangi pia. Mninga, mvule, hata mitiki inayopandwa bondeni kwetu, kinachowashinda mchwa ni kiini chake. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huliwa. Kama uliahidiwa kiini ukapewa weupe mtupu, hapo una neno la kusema.

Pili, usichome mbao iliyoliwa. Kama paa linatishia kuanguka, watoe watoto humo kwanza, kisha liegemeze kwa nguzo. Halafu mwite mwenyekiti wa kitongoji na fundi mwingine waone kwa macho yao. Piga picha kwa simu, andika tarehe, weka vipande mahali pakavu.

Tatu, andika barua. Taja siku ya kununua, bei, maneno ya ahadi, uharibifu ulioonekana, na unachotaka: matengenezo, mbao nyingine, au fedha. Mpe siku 14 za kujibu. Mpelekee mbele ya shahidi, nawe ubaki na nakala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa yasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kufanyia kitu, ukategemea ujuzi wake katika biashara hiyo, kitu hicho chapaswa kuifaa kazi hiyo.

Nne, akikataa, mwombeni mwenyekiti awakutanishe. Mkishindwa kupatana, iko Mahakama ya Mwanzo. Huko husemwa Kiswahili, wala si lazima uwe na wakili. Hakimu atauliza: aliahidi nini, na ushahidi uko wapi?

Lakini tuwe wa haki. Ukirundika kuni ukutani, au ukaacha udongo upande mpaka kwenye fremu, umewajengea mchwa daraja mwenyewe. Ukikata mbao iliyotiwa dawa usipake ncha zake, umewafungulia mlango. Fundi atayasema hayo, na pengine atashinda.

Wako pia wenye bima ya nyumba, hasa waliokopa benki. Wasome mkataba vizuri. Bima nyingi hulipa moto na dhoruba, lakini hazilipi uharibifu wa polepole wa wadudu. Hata hivyo, ukinyimwa, dai jibu la maandishi likitaja kifungu kilichotumika. Kama paa liliangushwa na dhoruba, nao wanasingizia mchwa, maelezo ya fundi na picha zako zitakusaidia. Waandikie kwanza wenye bima wenyewe. Wakishikilia neno lao, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Vyote viwili viliwekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Basi, anayejenga mwaka huu aanze na karatasi. Aandikishe aina ya mbao, dawa itakayotiwa, na muda wa dhamana, pande zote mbili zitie sahihi, naye shahidi atie yake. Kila mwezi azunguke nyumba, avunje vijia vya udongo akiviona. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.