Siwa na Wenzake: Ala Nne za Kupuliza Zisizo na Mfano

Harusi mjini Singida huchangamka matarumbeta yakitangulia msafara. Bomba refu ndilo hutoa sauti nzito, lakini mkono wa mtu una kikomo. Ala hizi nne zinaonyesha jinsi mafundi walivyokabiliana na urefu huo.

Kongwe zilizosikika redioni
Tarumbeta mbili za Farao Tutankhamun, moja ya fedha na nyingine ya shaba, ni fupi, zimenyooka na hutoa noti chache. Aprili 1939, BBC ilirusha sauti zake kutoka Cairo, tarumbeta hizo zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 3,000.

Iliyopindwa kuliko zote
Serpent ilianza Ufaransa mwishoni mwa karne ya 16, ikisindikiza waimbaji kanisani. Bomba lake la mbao, lililovikwa ngozi, lina urefu wa karibu mita 2.4. Limepindwa kama nyoka ili vidole vifikie matundu sita.

Yenye vinywa vingi zaidi
Adolphe Sax, Mbelgiji aliyebuni saksafoni, alitengeneza tromboni yenye vali 6 na vinywa 7. Kila vali hupeleka pumzi kwenye bomba lake na kinywa chake.

Yenye heshima kuliko zote
Siwa ni pembe kubwa ya kupuliza; ile ya Lamu ni ya shaba. Fundi aliumba umbo lake kwa nta, akalifunika udongo, akaupasha moto hadi nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba ndani ya uwazi uliobaki. Dada yake, Siwa ya Pate, ni ya pembe za ndovu na inazidi mita 2.

Mafundi wa pwani hawakuukunja urefu huo. Walitoboa tundu la kupulizia ubavuni, na mpigaji akaweza kuishika siwa ikiwa imesimama wima, watu wote wakiiona. Wareno waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 waliandika habari za pembe mbili za ndovu zenye kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni.

Siwa ilipigwa watawala walipotawazwa na waungwana walipooa. Unguja nako, Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi, alikuwa na siwa za mbao. Aliyeimiliki siwa alimiliki enzi. Walimu wa muziki wa bara na pwani wawafundishe wanafunzi wao ufundi huu kabla ya kuwafikisha kwa Sax, kwani ni urithi wao.